Gari inachemsha kwenye foleni tu? Cheki klachi ya feni kabla hujafungua injini

Gari ikianza kuchemsha watu wanakimbilia kubadilisha themostati (ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta), halafu kifuniko cha rejeta, halafu wota pampu, mwisho mtu anaambiwa hedi gasketi (ile kati ya bloki na hedi ya injini) imeondoka na injini inafunguliwa, kumbe tatizo lilikuwa mbele kabisa pale, kitu kinachoonekana kwa macho ukifungua boneti. Nazungumzia zile pikapu na malori ya zamani ambayo feni yake haitumii umeme, inazungushwa na fenibelti kupitia wota pampu, na katikati ya feni kuna lile dude la aluminiamu lenye mapezi mapezi. Hilo ndo klachi ya feni. Wengi wanadhani ni kitovu tu cha kushikia mapanga ya feni, ila lile dude lina kazi kubwa sana na likichoka linatesa gari kwa namna ambayo usipoijua utabadilisha kila kitu usipate jibu.

Swali la kwanza kabisa kabla ya kushika spana ni hili: gari inachemsha ukiwa unafanya nini? Ukiwa spidi 80 barabarani upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, feni hata isipokuwepo gari itaenda vizuri tu. Ukisimama kwenye foleni, au unapanda mlima na mzigo kwa gia ndogo, hapo upepo wa mwendo haupo na rejeta inategemea feni asilimia zote. Kwa hiyo kama mshale wa temperecha unapanda ukiwa umesimama halafu ukishatembea kidogo unashuka wenyewe, shida yako ni hewa, yaani feni haivuti. Kama ni kinyume chake, kwenye foleni iko sawa ila ukikaza mwendo mrefu ndo inachemsha, hapo usiisumbue feni, angalia upande wa maji: rejeta imeziba ndani, themostati haifunguki yote, hozipaipu ya chini inafyonzwa inajikunja, wota pampu mapezi yake yameliwa na kutu. Na kama inachemsha muda wote, halafu unakuta mapovu kwenye rejeta na maji yanapungua bila kuvuja popote, hiyo ndo unaweza kuanza kuwaza gasketi.

Dalili nyingine inayoendana na feni ni AC. Gari ikisimama AC inatoa hewa ya vuguvugu, ikitembea inapoa tena. Kondensa ya AC, ile kama rejeta ndogo ya kupoza gesi ya AC, iko mbele ya rejeta na inavutiwa hewa na feni ile ile, kwa hiyo feni ikilegea AC huwa inalalamika mapema, mara nyingi kabla mshale wa temperecha haujaanza kucheza. Watu wanaenda kujaza gesi hapo na gesi ilikuwa haina shida.

Sasa ndani ya klachi kuna nini. Hakuna lining kama ile klachi ya gia. Kuna sahani inayozungushwa na shafti ya wota pampu, na kuna nyumba yake ambayo ndo imefungwa mapanga ya feni, na kati ya hivyo viwili kuna mifereji midogo ya duara inayoingiliana bila kugusana. Katikati yake kunaingia oili ya silikoni ambayo ni nzito kama asali, sahani ikizunguka oili inaivuta nyumba nayo izunguke. Oili ikiwepo ya kutosha kwenye mifereji feni inafuata injini, oili ikiondoka feni inateleza inazunguka polepole. Hakuna chuma kinachokamata chuma, ndo maana hata klachi mpya kabisa haiwezi kushika asilimia mia, ikishika sana inafika kama asilimia 80 au 90 ya mzunguko wa shafti, na ikiachia bado feni inazunguka kama asilimia 20 mpaka 30. Kwa hiyo kuona feni inazunguka hakukuambii chochote. Hilo naomba ulishike maana ndo kosa kubwa la kila siku, mtu anafungua boneti anaona feni inazunguka anasema feni nzima. Inazunguka ndiyo, lakini je inavuta?

Anayeamua oili iingie au itoke ni springi ndogo iliyojikunja kama koili pale mbele katikati ya klachi, inayotazamana na rejeta. Imetengenezwa kwa metali mbili zilizobandikwa pamoja ambazo hazitanuki sawa zikipata joto, kwa hiyo ikipashwa moto inajizungusha na kufungua valvu ndogo ndani, oili inatoka kwenye stoo yake inaingia kwenye mifereji. Ikipoa valvu inafunga na oili inarudishwa stoo taratibu. Gari nyingi springi inaanza kufungua hewa inayotoka kwenye rejeta ikifika kati ya nyuzi 65 na 85 hivi, inategemea gari.

Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalipita. Springi inapima joto la HEWA iliyopita kwenye rejeta, haipimi maji. Sasa fikiria rejeta imeziba katikati, maji ya moto hayapiti pale katikati yanapita pembeni tu, hewa inayofika kwenye springi inakuwa haina moto wa kutosha, klachi haishiki, injini inachemsha, na klachi ni nzima kabisa. Utanunua mpya utafunga na itachemsha vile vile. Hivyo hivyo kama katikati ya kondensa na rejeta kumejaa matope, majani na wadudu. Ndo maana mimi kabla ya kuihukumu klachi nasafisha kwanza rejeta kwa nje, maji yapigwe kutokea upande wa injini kwenda mbele, halafu napima joto la rejeta sehemu mbalimbali kwa kile kipima joto cha kuelekeza. Joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka maji yanapoingia mpaka yanapotokea. Ukikuta doa la baridi katikati, rejeta ndo mgonjwa.

Kwa nini hata waliweka klachi, si wangefunga feni moja kwa moja? Ni kwa sababu ya nguvu. Nguvu inayohitajika kuzungusha feni haiongezeki sawasawa na spidi, inaongezeka kwa spidi mara yenyewe mara yenyewe tena, yaani feni ikizunguka mara 2 zaidi inakula nguvu mara 8. Ukiiacha iteleze nusu ya spidi inakula moja ya nane tu. Kwenye barabara ndefu ambapo feni haihitajiki kabisa hiyo ni mafuta unayookoa, na kelele, na beringi ya wota pampu inapumzika.

Ndo maana ile tabia ya kuchomelea klachi, au kutoboa na kupiga bolti ili feni izunguke moja kwa moja na injini, inaniumiza sana nikiiona. Ni kweli gari itaacha kuchemsha kwenye foleni, ila sasa ukikanyaga resi feni inaenda spidi ambayo mapanga yake hayakutengenezewa, na lile dude zito linaning'inia kwenye beringi ya wota pampu muda wote kwa nguvu zote. Beringi ikiachia feni inaenda mbele inaichana rejeta. Panga likikatika linapita popote, kwenye boneti, kwenye hozi, kwa mtu aliyesimama pembeni anasikiliza injini. Kama uko porini na huna namna unataka kufika tu, nakuelewa, nenda polepole usipandishe resi. Lakini kuliacha gari hivyo mwaka mzima na kuliita limepona, hapana jamani.

Klachi inakufa kwa njia mbili na zinapingana. Ya kwanza ni kulegea: oili imevuja au imezeeka, au springi imekatika au imejaa uchafu haijizungushi, feni inateleza hata kwenye moto. Ya pili ni kugoma kuachia: feni inavuma muda wote kama ndege inataka kuruka, injini inachelewa kupata moto asubuhi, gari inakuwa nzito kwenye kuondoka na mafuta yanaenda. Hii ya pili watu hawaihesabu kama ubovu kwa sababu gari haichemshi, ila ni ubovu.

Upimaji anza na injini imezimwa na imepoa, chomoa funguo kabisa. Chukua tochi uangalie mbele ya klachi kuzunguka ile springi, na nyuma pale shafti inapoingia. Klachi inayovuja huwa ina mistari ya weusi iliyotoka katikati kwenda nje kama miale, kwa sababu oili inasukumwa na mzunguko halafu vumbi linaigandia, ukigusa kwa kidole inateleza na uchafu unatoka kama grisi. Unyevu kidogo sana kwenye klachi ya zamani sio mwisho wa dunia, ila ukikuta tope la mafuta limejenga tabaka, hiyo oili ilitoka ndani na kule ndani haikuwa nyingi kivile. Angalia pia springi, ncha yake ya nje iwe imekaa kwenye kijinafasi chake, isiwe imechomoka, na kusiwe na matope yaliyoigandisha.

Halafu shika ncha ya panga moja uvute mbele na kusukuma nyuma kuelekea injini. Kucheza kidogo kupo, lakini ikizidi kama milimita 6 hapo kwenye ncha, beringi imechoka. Sasa ni beringi ya nani, ya klachi au ya wota pampu? Weka mkono wako mwingine kwenye puli ya wota pampu. Puli nayo ikicheza, pampu imekwisha, na angalia chini ya pampu kuna kitundu kidogo, kikiwa na alama ya maji yaliyokauka basi jibu unalo. Puli ikitulia na feni peke yake inacheza ni klachi. Ni muhimu uhakikishe kwa sababu klachi yenye mtikisiko inaua pampu, na pampu mbovu inaua klachi mpya, mara nyingi vinaenda pamoja.

Baada ya hapo zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupe ukinzani laini wa sawasawa, kama kuna kitu kizito kinaivuta, ukiachia isimame mapema. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe kama pangaboi ni tupu ndani. Ikigoma kabisa kuteleza, au unasikia inakwaruza na kukamata sehemu sehemu, imekufa upande wa pili. Kuna wanaoishia hapa na kutoa hukumu, mimi naona hapa ni nusu ya kazi, kwa sababu klachi inaweza kuwa na ukinzani mzuri ikiwa baridi na bado isishike kwenye moto valvu ikigoma kufunguka.

Kipimo cha kweli ni cha moto, na hapa ndo utumie masikio zaidi ya macho. Washa gari asubuhi, dakika ya kwanza au mbili unaweza kusikia feni inavuma halafu inatulia, hiyo ni kawaida kabisa, oili ilikuwa imeshuka kwenye mifereji usiku gari ikiwa imelala na sasa inarudishwa stoo. Ikitulia sawa. Halafu ziba mbele ya rejeta kwa boksi, sehemu kubwa yake lakini usizibe yote, gari iwe imesimama, hendibreki imevutwa, resi ishike kama mizunguko 2000 kwa dakika na uangalie mshale bila kuondoa jicho. Joto likipanda utafika wakati unasikia mlio unabadilika, mvumo mzito unaingia na ukisimama pembeni unasikia upepo unapigwa kuelekea nyuma ya injini. Hapo klachi imeshika. Toa boksi, ndani ya dakika chache mshale unarudi chini na mvumo unapungua. Kama mshale umeshakaribia kwenye nyekundu na feni bado iko kimya, toa boksi haraka, iache injini ingurume bila resi ipoe, jibu umeshapata. Ukitaka uhakika zaidi zima injini wakati iko ya moto na uangalie feni, klachi nzima iliyoshika inasimama karibu pamoja na injini, ile iliyolegea inaendelea kuzunguka yenyewe. Ikishasimama kabisa na funguo iko mfukoni kwako, izungushe tena kwa mkono, iwe ngumu wazi wazi kuliko ilivyokuwa baridi.

Kuna kipimo kingine kinasambaa cha kuzungusha gazeti na kulisukuma kwenye mapanga injini ikiwa inawaka kuona kama feni itasimama. Usifanye. Feni nzima italichukua gazeti na mkono ukiwa nyuma yake, na kama panga lilikuwa na ufa huo ndo muda wake wa kukatika. Vipimo vya juu vinakupa jibu lile lile ukiwa na vidole vyako vyote. Na nguo za mikono mirefu, tai, mnyororo wa shingoni, vyote viwe mbali na mbele ya injini inayowaka.

Je inatengenezeka? Inategemea. Kuna klachi zimefungwa kwa skrubu, hasa kwenye gari kadhaa za Kijapani za zamani, hizo zinafunguka na unaweza kuongeza oili ya silikoni maalum ya klachi, inauzwa kwenye vitubu vidogo na unene wake unapimwa kwa sentistoki, 3000, 6000, 10000 na kadhalika, namba kubwa ndo nzito zaidi. Kama beringi iko kimya na springi inafanya kazi, kazi hii inalipa na gari inarudi kuwa mpya kwenye foleni. Usijaze mpaka juu ukidhani ndo itashika vizuri, ukizidisha haitaachia. Na usiweke oili ya injini wala grisi, hazina tabia ile kwenye joto. Zile ambazo zimekandamizwa kiwandani hazina skrubu achana nazo, nunua nyingine.

Ukinunua usiangalie umbo tu. Pima urefu kutoka kwenye puli mpaka pale feni inapokaa, kwa sababu ikiwa ndefu kidogo mapanga yanasogelea rejeta, ikiwa fupi feni inaingia nyuma inatoka kwenye kava lake, lile la plastiki linaloizunguka. Kitu kingine ni mwelekeo wa kuzunguka. Injini zenye ule mkanda mmoja mrefu unaopita kila mahali baadhi yake zinazungusha wota pampu kinyume, na klachi zake zinaandikwa kwamba ni za kinyume. Ukichanganya itaingia vizuri kabisa kwenye stadi zake na haitafanya kazi, maana njia ya kurudisha oili stoo inategemea upande inaozunguka.

Kufungua sio kazi ngumu ila ina mpangilio. Chomoa terminali ya betri. Weka kipande cha boksi au plaiwudi nyembamba kati ya feni na rejeta, spana ikiteleza ikagonga rejeta umejiongezea kazi nyingine. Kama klachi yako imefungwa na nati nne kwenye puli, zilegeze zote KABLA hujatoa fenibelti, maana belti ndo inaishikilia puli isizunguke, ukishaitoa utabaki unahangaika na bisibisi kuzuia. Kama ni ile ya nati moja kubwa katikati, angalia kwanza kitabu cha gari inafunguka upande gani, kuna zenye uzi wa kawaida na kuna zenye uzi wa kushoto, watu wamezivunja kwa kuzikaza wakidhani wanafungua. Hii nayo ilegeze belti ikiwa bado iko. Kwenye gari nyingi inabidi ulegeze kava la feni ulirudishe nyuma na mara nyingine vinatoka vyote pamoja, kava, feni na klachi. Usilazimishe.

Vikishatoka hamishia feni kwenye klachi mpya, na hapa tulia. Angalia kila panga pale linapoanzia, ukikuta ufa hata mdogo hiyo feni ni ya kutupa, haichomelewi wala hainyooshwi. Hakikisha uso wa feni unaangalia mbele kama mwanzo, ikigeuzwa itapiga kelele ile ile lakini hewa ni kidogo sana, kwa hiyo weka alama kwa chaki kabla hujafungua. Klachi mpya iweke imesimama kama inavyokaa kwenye gari, usiilaze kifudifudi wala chali siku nzima, oili inaweza kupenya kwenda kwenye beringi.

Wakati wa kurudisha kaza bolti kwa kupishanisha, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu, na usisahau kava. Gari nyingi za zamani kava lilishavunjika likatupwa na mwenye gari anaona ni plastiki tu. Bila kava feni inanyonya hewa ya moto ya injini kutoka pembeni na kuizungusha tena, haivuti kupitia kwenye rejeta. Mapanga yakae karibu nusu au zaidi kidogo ndani ya kava, na nafasi ya kuzunguka iwe ndogo ila ya kutosha yasiguse injini ikitikisika kwenye mashimo, kwa hiyo cheki na mpira wa kushikia injini kama haujalegea.

Zungusha kwa mkono raundi nzima, sikiliza kama kuna kinachogusa, ndo uwashe. Iache ingurume dakika chache oili ikae sawa, halafu rudia kile kipimo cha boksi. Belti ikaguliwe tena baada ya siku chache kama ni mpya kwa sababu inalegea. Na asubuhi yake ukisikia mvumo wa dakika moja hivi gari ikiwashwa usiirudishe dukani, ni ile oili tu inapanda stoo.